Mwandishi wa Saba

Msonyo ule ulikuwa mrefu na mwembamba, kama uzi unaofumuliwa polepole kwenye pindo. Aliutoa baba mkwe wake Jumapili moja sebuleni, baada ya kuvaa miwani na kupitisha kidole juu ya kurasa mbili za marejeo, yaani orodha ya maandiko yaliyotajwa katika makala ya mtu mwingine, bila kuliona jina la mkwewe. Mpaka leo mkwe huyo akiukumbuka, masikio humwasha.

"Nimeona watu sita," alisema mzee, ambaye alikuwa fundi cherehani kabla macho hayajamchoka. "Halafu nimeona 'na wenzake'. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, baba. Mimi na mmoja mwingine."

"Kumbe mpo wawili humo. Mbanane vizuri."

Mama mkwe alitoka nje akacheke kwa nafasi.

Kazini walimwita Wa Saba. Ni mtafiti wa wadudu, mpole, wa kufunga vifungo vya shati mpaka kooni, na kazi yake ni kulea fukusi, wale wadudu wadogo wanaotoboa mahindi, ndani ya chupa za kioo. Huwalisha, huwahesabu, na wakifa huandika wamekufa. Miaka kadhaa nyuma kitengo chao kilitoa makala juu ya fukusi hao, yenye waandishi wanane. Wa kwanza alikuwa mkuu wa kitengo. Wa pili, mkuu wa huyo mkuu. Wa tatu alitoa hadubini. Wa nne aliwahi kuchungulia mlangoni akauliza mnaendeleaje. Yeye aliyeshinda na fukusi akawa wa saba. Na majarida mengi yana desturi yao: kwenye orodha ya marejeo hutaja sita wa mwanzo, waliobaki huitwa "na wenzake".

Juu ya makala yenyewe jina lake lipo, tena limenyooka. Alishampelekea baba mkwe akalione. Mzee alilitazama, akairudisha karatasi.

"Hata mimi niliandika jina langu juu ya mlango wa duka," alisema. "Mtu kujitaja ni kazi nyepesi. Nataka kuona watu wengine wakikutaja."

Tangu siku ya posa, mzee hakuwahi kusadiki kwamba mtu anaweza kulipwa kihalali kwa kufuga kitu ambacho wenzake wanafagia.

Basi siku moja akaja Daktari wa Magunia, yule wa chumba cha mwisho, anayechunguza namna nafaka inavyohifadhiwa. Alikuwa ameandika makala mpya, na marejeo yake yalikuwa hovyo. Kwingine mwaka ulikuwa mwanzoni, kwingine mwishoni, kwingine haukuwepo kabisa. Wote walijua kwamba Wa Saba ana mkono wa mambo hayo. Nukta ikikaa vibaya, yeye hakai vizuri.

"Nisaidie, kaka," alisema Daktari. "Jarida hili lina masharti kuliko mwenye nyumba."

Wa Saba akafungua masharti. Alisoma habari za mkato na mabano, za majina ya majarida kuandikwa kwa herufi za mlalo, akafika mahali akasimama. Waandishi wote watajwe, hadi kumi. Akashuka kwenye orodha ya Daktari. Rejeo la ishirini na tatu lilikuwa ile makala ya fukusi.

Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akasoma tena. Kisha akaanza kuwapanga waandishi, mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa wa saba vidole vilipunguza mwendo kama mtu anayepita mbele ya nyumba yao.

Nyumbani alimwambia mkewe. Mkewe akamwambia mama yake. Kabla chai haijapoa, baba mkwe alikuwa ameagiza: Jumapili karatasi ipelekwe, na shangazi naye ataitwa ashuhudie.

Ijumaa Daktari wa Magunia alirudi, uso umemshuka.

"Tumepatikana, kaka. Mwisho ni marejeo arobaini, sisi tuna moja zaidi. Toa moja. Chagua wewe, mimi siwezi, yote ni wanangu."

Jumamosi mchana Wa Saba alizitandaza karatasi juu ya meza ya chakula. Aliona haki ni kulifungua kila andiko na kutazama kama kweli linasema kile ambacho Daktari amesema linasema. Alianza na yale aliyoyatilia shaka. Aliyeandika juu ya ukungu, hana neno. Aliyeandika juu ya joto la ghala, mwenye majivuno ukurasa mzima, naye amesema vilevile.

"Na huyu?" mkewe aliuliza, akisogeza kikombe. "Hana hatia?"

"Hana."

"Mtazame vizuri. Ana jina la mtu mwenye hatia."

"Mke wangu."

"Basi toa wa mbali. Hatajua."

La kwake aliliacha mpaka mwisho, maana alilijua kwa moyo. Alipotafuta mahali lilipotajwa, akakuta sentensi hii: fukusi huishi muda mrefu zaidi ndani ya gunia la katani kuliko gunia la plastiki. Mwishoni, kwenye mabano, ishirini na tatu.

Akaisoma tena, kidole juu ya mabano, hata mkewe akaweka kikombe chini.

"Nini tena?"

"Fukusi wetu hawajawahi kuona gunia. Wamezaliwa chupani, wamefia chupani."

"Si fukusi ni fukusi?"

"Lakini gunia si chupa."

"Nani atakwenda kuangalia?"

Mkewe akamtazama, akatazama karatasi zilizojaa meza, akavuta kiti.

"Ah," alisema. "Umeshaangalia."

Alijaribu kulitafutia rejeo lake nafasi kwingine. Alilipeleka kwenye sentensi ya unyevu, likakataa. Akalipeleka kwenye sentensi ya harufu, halikuhusika. Alizunguka nalo makala nzima kama mtu mwenye kiti chake mkononi kwenye ukumbi uliojaa, mpaka akafika kwenye shukrani kwa dereva. Hapo akajicheka. Akarudi akalifuta. La ishirini na nne likapanda juu likakaa mahali pale bila hata kubisha hodi.

Daktari alijibu haraka: "Safi sana. Hata sikumbuki nililiweka la nini."

Jumapili mkewe alimshauri augue. Alikwenda, mkewe naye. Baba mkwe alivaa miwani, shangazi akajisogeza, na kidole kikaanza kushuka, jina kwa jina, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili. Kikarudi juu. Kikashuka tena.

"Leo hata wenzake siwaoni," alisema mzee.

"Pengine ameandikwa nyuma," shangazi alisema, akaigeuza karatasi.

"Alikuwemo, baba," mke alidakia. "Jina lote, limenyooka. Amelifuta mwenyewe, kwa mkono wake."

Mzee akavua miwani. "Umelifuta jina lako?"

"Ndiyo, baba."

"Watu wamekutaja, ukalifuta. Kwa nini?"

Njia nzima Wa Saba alikuwa amejipangia maelezo, ya chupa na magunia, ya arobaini na moja. Yote yakamponyoka. Aliitazama ile karatasi mkononi mwa shangazi, akaikunjua pembe iliyojikunja, na alipojibu ilibidi mzee ainame ndipo asikie.

"Hatukusema hivyo, baba."