Furushi la Bi Esha

Sabuni ya mche iliyokatwa kwa uzi ina harufu yake, kali na safi, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Krismasi. Wenzangu waliokulia bara hukumbuka chapati na nyama ya mbuzi. Mimi hukumbuka darasa la tatu katika shule moja ya Faza, kisiwani Pate, madawati yamesukumwa ukutani, magunia ya unga na sukari yamefunguliwa sakafuni, na mama yangu amekaa mkekani ameshika ncha moja ya uzi na mimi nimeshika nyingine, tunavuta kila mmoja upande wake mpaka mche unakatika vipande. Mikono iliniteleza, pua iliniwasha, na nilijiona mtu muhimu sana. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa mwalimu, baba alikuwa polisi wa kituo cha pale, na sisi pamoja na familia nyingine chache kutoka bara ndio tuliokuwa Wakristo wa mji. Jumapili tulisali katika darasa hilohilo, ubaoni bado kuna hesabu za Ijumaa.

Mwaka ule nyuma ya uwanja wa shule kulikuwa na mahema. Waliokaa humo walitoka vijiji vya upande wa pili wa maji, kuelekea Kiunga, walikowakimbia watu wenye bunduki. Walikuja na walichoweza kubeba. Wanawake kadhaa walivaa funguo za nyumba zao shingoni, zimefungwa kwa kamba, na mimi kwa utoto wangu nilidhani ni mapambo. Mwanzoni mji mzima uliwapelekea chakula, kisha miezi ikapita na watu wakachoka, kama watu wanavyochoka na mgonjwa asiyepona wala kufa. Hema la turubai saa sita mchana ni tanuri, na mvua ikinyesha ni dimbwi. Ilipofika Desemba, wale watu wachache wa Jumapili wakaamua kwamba kila hema litapata furushi la sikukuu: unga, sukari, majani ya chai, mafuta, kiberiti na kipande cha sabuni. Hatukujali kwamba sikukuu ni yetu na si yao. Mama alisema njaa haina dini, na hakuna aliyembishia.

Katika mahema yale mtu wangu alikuwa Bi Esha. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye kidonda mguuni kisichofunga, na hema lake lilikuwa la mwisho, karibu na tangi la maji. Baada ya masomo nilikaa naye akanifundisha kusuka ukili wa mikeka, na nikikosea aliufumua wote akanirudishia mikononi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Athmani, kijana wa miaka kumi na tisa. Athmani alirudi kijijini kuwatazama mbuzi walioachwa, akasema atakaa siku mbili, na sasa ulikuwa mwezi wa tano. Kila asubuhi Bi Esha alitembea na mguu wake ule mpaka kituo cha polisi kumwuliza baba kama kuna habari. Baba alimjibu, "Bado, Bi Esha." Naye alirudi zake akisema neno moja tu kwa kila aliyemtazama kwa huruma: "Yuwaya." Anakuja, kwa lugha ya kwao. Alilisema bila machozi, kama mtu anayekueleza saa ngapi. Akipika, chakula cha Athmani kilitengwa kwanza.

Mama alimpenda. Mifuko ya kufungia ilipokwisha limebaki hema moja, alisema si neno, la Bi Esha atalitengeneza mwenyewe na litakuwa zuri kuliko yote. Alikuwa amemwona akilala juu ya gunia tupu, kwa hiyo alitaka kumpa shuka jipya na vitu vyote vifungwe humohumo ndani ya shuka. Alitaka pamba kwa ajili ya kile kidonda. Alitaka na marashi, kwa sababu, alisema, mwanamke akikaa hemani hunuka moshi mpaka akajichukia. Baba alitoa pesa akaenda kazini, mama akaandika kwenye karatasi kwa mwandiko wake wa ubaoni: bafta nyeupe yadi saba, pamba, chupa ya marashi ya waridi. Nikatumwa dukani kwa Bwana Shee.

Bwana Shee alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku ile aliisoma karatasi mara mbili bila utani. Aliniuliza vitu hivi ni vya nani. Nikasema ni vya Bi Esha wa mahemani. Akauliza, "Ni babako aliyekutuma?" Nikasema ndiyo, baba na mama. Alipima ile bafta taratibu, akaikunja vizuri kuliko nilivyowahi kumwona akikunja kitu, kisha akaingia ndani akatoka na kikaratasi chenye vipande vyeupe vya kitu chenye harufu kali ya kupanda kichwani. Akasema hiki hakina malipo. "Mola ampe subira," alisema. Nikajibu, "Asante, Bwana Shee," kama nilivyofundishwa nyumbani kushukuru. Mama alivinusa vile vipande akafurahi, akasema ni vya kufukuza nondo nguoni, na kwamba watu wa hapa wana moyo. Akavitia pamoja na vingine.

Siku moja kabla ya Krismasi tuligawa mafurushi. La Bi Esha nililibeba mimi kwa mikono miwili, baba alivyoniagiza, maana kumpa mtu mzima kitu kwa mkono mmoja ni utovu wa adabu. Alikuwa ameketi mlangoni mwa hema. Alilifungua akitabasamu. Aligusa bafta, akaona pamba, akaona chupa ya marashi, kisha akakifungua kile kikaratasi na ile harufu ikatoka. Tabasamu lilikaa usoni kidogo, halafu likaondoka. "Haya yametoka kwa babako?" aliniuliza. Nikasema ndiyo, nikiona fahari. Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kwa sauti ya kawaida kabisa, akaviweka vitu chini kimoja kimoja. Jirani zake wakaja, mmoja akamfunika kwa leso. Mama alipofika na kukuta machozi, alidhani ni ya shukrani. Mungu anisamehe, hata mimi nilidhani hivyo. Mama akamkumbatia akamwambia ni kidogo tu, tungeweza zaidi tungefanya. Bi Esha akaushika mkono wa mama akaubusu. "Mumenitendea wema, Mwalimu," alisema. "Wangapi hawapati hata hiki." Mchana ule alikwenda Siyu kwa dada yake kukaa matanga, na sisi tulirudi nyumbani tukiimba.

Asubuhi ya Krismasi Bwana Shee alikwenda kituoni kumwuliza baba maiti itafika saa ngapi, ili vijana waanze kuchimba. Baba alikuja nyumbani na sare yake. Chapati zilikuwa motoni. "Mliweka nini ndani ya furushi la Bi Esha?" aliuliza. Mama akamhesabia kwa vidole: unga, sukari, sabuni. Alipofika kwenye bafta na pamba baba alivua kofia. Alipofika kwenye vile vipande vya Bwana Shee, baba akaketi. Alikuwa ameishi pwani miaka mingi kuliko mama, amesimama kwenye mazishi mengi ya Waislamu akilinda amani. "Mama Mwende," alisema, "umempelekea sanda. Na ile ni karafuu maiti." Mama alisema, "Lakini lilikuwa shuka." Akarudia mara tatu au nne, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, mpaka chapati iliyokuwa motoni ikaungua na hakuna aliyeigeuza.

Kesho yake baba aliondoka alfajiri kwenda Siyu kueleza. Asubuhi hiyohiyo, bila taarifa, maofisa walishuka na meza yao na kitabu chao uwanjani kuandikisha watakaopewa kiwanja na nyumba ya mabati. Majina yalisomwa, aliyekuwepo akatia kidole gumba. Jina la Bi Esha liliposomwa mama alitoka mbio darasani alikokuwa akirudisha madawati. Nilimfuata. "Yuko wapi?" aliuliza yule mwenye kalamu. Mama akasema yuko matangani, Siyu. "Nani amekufa?" Mama alikitazama kile kitabu. Angesema Athmani, angekuwa amemwua mtoto wa watu kwenye kitabu cha serikali. Angesema hakuna, basi Bi Esha hakuwa na sababu ya kutokuwepo. Mwishowe alisema, "Hakuna aliyekufa. Ni makosa yangu." Yule bwana alimtazama kama mtu asiye na akili timamu, akaandika neno moja, "Hayupo," akasoma jina lililofuata. Mama alifuatilia kwenye ofisi zaidi ya mwaka mzima. Kila mara aliambiwa asubiri uandikishaji mwingine, na haukuja.

Baba alirudi jioni peke yake. Alikuwa amemweleza Bi Esha yote mbele ya dada yake: kwamba mkewe ni mgeni wa desturi, kwamba hakuna maiti, hakuna habari, ni bado kama zamani. Bi Esha alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Afande, sinihurumie. Nambia mumemzika wapi." Baba aliapa. Aliapa kwa Biblia, na angeruhusiwa angeapa kwa Kurani. Haikusaidia. Kwa Bi Esha jambo lilikuwa wazi: polisi walikuwa wamempata mwanawe, wakamzika haraka, wakamletea sanda kwa heshima, kisha walipoona uchungu wake wakaogopa wakayameza maneno yao. Hakuwahi tena kusema "Yuwaya." Hilo ndilo tulilomnyang'anya, na hapakuwa na ofisi ya kulirudisha. Wenzake walipohamia kwenye nyumba zao mahema yaliondolewa, naye akabaki akilala kwenye banda la samaki. Mwaka uliofuata sisi tulihamishwa. Mama hakukata tena sabuni kwa uzi, na mpaka leo hataki kuona bafta ndani ya nyumba yake.

Mimi nimerudi Faza, muuguzi katika zahanati, huu mwaka wa tano. Mafurushi bado yanakuja kila Desemba, sasa ni katoni zilizochapishwa, na anayepokea hupigwa picha akiwa ameishika. Wapokeaji wengine ni watoto wa wale niliowapelekea mimi. Tulidhani zamani zile tunawavusha watu kwenye shida ya mwaka mmoja. Bi Esha anaishi kwenye baraza ya duka lililofungwa, macho yamefifia, na kile kidonda mimi ndiye ninayekifunga. Kila ninapomaliza kufunga bendeji hunishika kifundo cha mkono na kuniuliza kwa upole, "Mwana wa Mwalimu, mulimzika wapi?" Kila mara nilimjibu ukweli, kwamba hatujui. Kila mara alitikisa kichwa kama mtu anayenisamehe kwa uongo. Nimefanya hivyo miaka mitano, na nataka niamini kwamba nilichoka tu.

Wiki iliyopita nilimjibu, "Kiwayu. Alizikwa Kiwayu, karibu na msikiti." Alishusha pumzi ndefu ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu aliye hai, akafumba macho, akalala palepale kwenye kiti cha wagonjwa, na sikumwamsha. Nilirudi nyumbani nikijiona nimetenda kitu chema kuliko vyote nilivyowahi kutenda. Mama alikosea kwa kutojua mambo ya watu. Mimi nayajua yote, nimekaa nao, nimekesha matangani mwao, na nimemfanyia Bi Esha hili nikiwa na akili zangu. Asubuhi yake nilimkuta mlangoni mwa zahanati ameoga, amevaa buibui safi, mkeka umekunjwa, kijitabu cha sura ya Yasini amekishika mkononi. Ameshaongea na nahodha wa boti inayokwenda Kiwayu, na yule bwana amekubali kumchukua Ijumaa hii bila nauli, kwa ajili ya thawabu. Sharti lake ni moja tu, nami niwemo botini, maana ni mimi ninayelijua kaburi.