Mkono wa Kuwapokea Wageni

Gaudiosa alipoinua mkono kwenye mkutano wa kijiji, wanawake waliokaa mbele waligeuka wote kumtazama. Mwenyekiti Melkizedek alikuwa ameuliza ni nani ataweza kufinyanga mkono wa udongo, mrefu kupita mtu, usimamishwe njiani kuwapokea wageni siku ya miaka kumi ya Uhuru. Vijiji vingine vya upande wa Zombo vilikuwa vinajiandalia matao ya migomba. Melkizedek hakutaka migomba.

"Migomba hata kwenye arusi ipo," alisema. "Sisi tunataka kitu ambacho mgeni akirudi Kilosa atakisimulia."

Watu walitarajia kusikia jina la Mwanakheri. Huyo ndiye aliyewafinyangia vyungu tangu kabla kijiji hakijaitwa cha ujamaa, na hapakuwa na mwali aliyeolewa pale bila chungu kilichotoka mikononi mwake. Gaudiosa mwenyewe alijifunza kazi kwake. Lakini baba yake Gaudiosa alikuwa ametoka Njombe kuja kukata mkonge, akakaa kambini, na ingawa yeye alizaliwa hapa, akaolewa hapa, akazika mume hapa, bado aliitwa mtu wa kambi. Ndiyo sababu aliutaka mkono ule. Aliona kwamba anayewapokea wageni kwa niaba ya kijiji hawezi tena kuitwa mgeni.

"Mpeni," alisema Mwanakheri, bila kuinuka. "Ila, mwanangu, ukishausawazisha, kabla haujakauka, uniite niutazame."

"Nitakuita, mama."

Alianza kazi nyuma ya nyumba, ndani ya uzio wa magunia. Alifunga fito kwa waya zikawa mifupa, akazungushia magunia yaliyochakaa, kisha akaanza kubandika udongo. Aliuchanganya na vigae vilivyopondwa, kama wafanyavyo kwenye vyungu, akaongeza nyuzi za mkonge ili usipasuke. Wazo la nyuzi lilikuwa lake mwenyewe, na lilimpa fahari. Kila alipofika kwenye jambo gumu, unene wa kidole gumba au mikunjo ya kiganja, aliuweka mkono wake wa kushoto juu ya goti, akautazama, na wa kulia ukafuata. Hakukosea kitu. Hata kovu la mundu chini ya kidole cha shahada alilitia, kisha akalifuta kwa gunzi, kwa kuwa halikuwa kovu la kijiji.

Siku alipokuwa akilainisha kucha alisikia kikohozi nje ya uzio.

"Hodi humu. Au bado nasubiri kuitwa?"

Gaudiosa aliinuka, akasimama mlangoni, akauziba kwa mwili wake. Wafinyanzi wa pale walikuwa na mwiko wao: chungu kibichi hakitazamwi na jicho la pili mpaka kikauke. Mwanakheri ndiye aliyemfundisha mwiko huo. Ndiye pia aliyeuvunja kila mara, kwa kuwa mwalimu hahesabiwi jicho la pili. Wote wawili walilijua hilo.

"Mama, si ulinifundisha wewe? Kibichi hakitazamwi."

Mwanakheri alicheka kidogo. "Haya. Mbuzi wangu mwenyewe kanipiga pembe." Akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Gaudiosa alijiambia kwamba amelinda mwiko. Alijua anacholinda. Kama mama yule angeingia na kugusa mahali pamoja tu, watu wangesema ni kazi ya Mwanakheri.

Mkono ulibebwa ukiwa umefungwa kaniki, ukasimamishwa njiani juu ya msingi wa matofali, umenyooshwa mbele, gumba juu, kama mtu anayetaka kusalimiana. Wageni walikuja kwa lori, wengine kwa baiskeli kutoka Kilangali. Ngoma ilipigwa. Mgeni rasmi aliposhuka, Melkizedek alivuta kaniki, na kwa kitambo watu walipiga makofi na vigelegele hata Gaudiosa akashindwa kuzuia tabasamu.

Ndipo Hezekia, mpiga ngoma, mtu asiyeweza kuona kitu bila kukitania, alipojitokeza mbele. "Ngoja nimsalimie huyu bwana mkubwa kwanza!" Akanyoosha mkono wa kulia, akijifanya anapokea. Akagusa mgongo wa kiganja. Akasogea, akajaribu tena, akagusa mgongo tena. Akasimama, akautazama mkono wake, akautazama ule wa udongo. Kisha pole pole akatoa wa kushoto, ukaingia kiganjani sawasawa.

"Jamani," alisema, na sasa hakuwa akitania. "Mbona tunawapa wageni wa kushoto?"

Wachache walicheka, wakanyamaza walipoona hakuna anayewafuata. Mkono wa kushoto! Hata mtoto akipokea muwa kwa kushoto hupigwa kofi. Mgeni rasmi alitabasamu kwa mdomo tu, akaweka mikono yake nyuma, akapita. Gaudiosa aliutazama mkono wake wa kushoto ulioshika pindo la kanga, akaelewa kila kitu mara moja: huo ndio aliokuwa akiuiga.

"Nani aliyeukagua huu?" Melkizedek aliuliza kwa sauti ya chini, meno yamefungana. "Mtu wa kambi anaachiwaje kazi kama hii peke yake?"

"Nimeukagua mimi," alisema Mwanakheri. "Niliingia, nikautazama, nikamwambia uko sawa. Macho yangu haya, mwenyekiti, yamezeeka. Nikasirikie mimi."

Gaudiosa alifungua mdomo. Watu walikuwa wameshageuka kumtazama mzee, na yeye akaufunga.

Jioni alimfuata kwake. "Mama, kwa nini umesema vile?"

"Ulitaka niseme ulinifungia mlango? Mimi miaka yangu ya kuchekwa imebaki michache. Nenda ukalale."

Mvua za mwezi ule ziliumaliza mkono, zikaacha fito na magunia. Maneno hayakwenda na mvua. Watoto walimwita Mwanakheri Bibi Kushoto, na kisimani watu wazima walicheka wakijifanya hawakusikia. Gaudiosa alikuwa hapo kisimani. Kisha wateja wakaanza kuja kwake. Kwanza chungu cha maji, kisha vya ugali, kila mmoja na maelezo yale yale: mzee macho yamekwisha, tutafanyaje. Alipokea kazi. Alifinyanga vizuri, akasifiwa, na hakuna aliyemwita tena mtu wa kambi. Alikuwa amekipata alichokitaka, na kila akikutana na Mwanakheri njiani alimwamkia akitazama chini.

Baada ya mavuno alikuja Odilia, na kapu la unga kichwani. Binti yake alikuwa anaolewa.

"Chungu cha mwali," Odilia alisema akiketi. "Changu alikifinyanga Mwanakheri, cha mama yangu pia. Lakini sasa, si unajua mwenyewe. Asije akampa mwanangu chungu chenye mdomo chini!" Akacheka.

Gaudiosa hakucheka. Kazi nyingine zote alizipokea, lakini hii ilimshinda kupokea.

"Hakuuona," alisema.

"Nani?"

"Mwanakheri. Ule mkono hakuuona. Alikuja, nikamfungia mlango. Nilitaka sifa iwe yangu peke yangu. Macho yake hayana kasoro."

Odilia aliziba mdomo kwa mkono. "Kwa hiyo umetuacha miezi yote hii tunamcheka mama wa watu? Na wewe unakula kazi zake?"

"Ndiyo."

"Kweli wewe ni mtu wa—" Odilia hakumalizia. Aliinuka, akajitwika kapu, akashika njia ya kwa Mwanakheri. Gaudiosa alimfuata nyuma. Hakujaribu kumfikia, kwa kuwa aliona Odilia ndiye mwenye haki ya kutangulia kusema.

Alipofika, yalikuwa yameshasemwa. Odilia alikuwa ameweka kapu chini na kusimama kando. Mwanakheri alikuwa amekaa na chungu kati ya miguu, anakizungushia ukingo. Gaudiosa alipiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo, mama."

Mwanakheri hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kuzunguka, taratibu, mpaka ukingo ulipofungana. Akaulainisha kwa gunzi. Akainamisha kichwa kuutazama vizuri, kutoka upande huu, kisha upande ule.

"Marahaba," alisema.