Dada wa Kodi na Herufi Kumi na Sita

Saa mbili na robo asubuhi mhudumu wa kampuni ya kusajili majina ya tovuti anavaa vipokea sauti, anasogeza kikombe cha chai mbali na kompyuta, na kuanza kusoma kwenye simu taratibu, kama anayemlisha mtoto uji.

"S kubwa ya samaki. Tisa. K ndogo ya kuku. Alama ya mshangao."

Upande wa pili, muuza magodoro anaandika, kisha analalamika kwamba imekataa. Anaombwa asome alichoandika. Kumbe ameandika maneno yote matatu: alama ya mshangao.

Kwa miaka saba hii ndiyo kazi yake: kutoa misimbo ya uhamisho, yaani herufi, tarakimu na alama kumi na sita za siri ambazo mwenye jina la tovuti huzipeleka kampuni nyingine anapotaka kulihamishia huko. Bila msimbo, jina halitoki. Kwa siku hutoa thelathini hadi arobaini.

"Ukisema msimbo, mtu haelewi kitu," anasema. "Ukisema kodi, ile 'code' ya Kiingereza, anaelewa vingine, anakata simu."

Wengi humdhania mtoza kodi. Mmoja alimweleza kwa sauti yake mwenyewe kwamba mwenye simu alishafariki. "Nikampa pole," anasema. Tangu hapo wenzake ofisini humwita Dada wa Kodi.

Kesi iliyomtoa jasho ilikuja mwaka jana. Mshonaji wa magauni ya harusi, mwanamke wa makamo, aliingia ofisini na futi ya kupimia shingoni. Jina la tovuti lililomletea maharusi lilikuwa limebakiza siku tisa muda wake uishe, naye alitaka kulihamisha. Shida ni kwamba lilisajiliwa na mdogo wake walipokuwa wakishona pamoja, na msimbo hapewi mtu ila mwenye jina. Ndugu hao walikuwa hawajasemeshana miaka miwili, tangu gauni la bibi harusi mmoja lilipokatwa likawa fupi na kila mmoja akamtupia mwenzake lawama.

Dada wa Kodi alimweleza utaratibu. Mshonaji hakuukubali.

"Huyo mdogo wangu nimembeba mgongoni," alisema. "Cha kwake ni changu."

Dada wa Kodi alimjibu kwa upole kwamba mfumo hauna sehemu ya kujaza nani alimbeba nani. Kisha akampigia mdogo mtu. Alipotaja kodi, simu ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Mara ya tatu hakutaja kazi kabisa. Alisema ni kuhusu dada yake.

Kisha sauti ikauliza, chini sana, "Amepatwa na nini?"

Aliposikia kwamba dada yake ni mzima na amekaa pale amenuna, sauti ilirudi kuwa kali. Alijibu maswali ya kuthibitisha kwamba ndiye mwenye jina, akakubali kutumiwa msimbo, ila kwa sharti moja: atamsomea dada yake mwenyewe. Simu ikawekwa sauti ya juu, mshonaji akashika kalamu, na Dada wa Kodi akawa anaingiza kinachoandikwa kwenye tovuti ya kampuni inayolipokea jina.

Kazi ya dakika moja ilichukua robo saa. Mdogo akisoma sifuri, mkubwa anaandika O. Akiambiwa ni ile ya duara, anauliza ipi kati ya hizo ina pembe. Mara nne msimbo ulikataliwa. Ya tano ilipokataliwa, mdogo mtu alicheka bila kutaka.

"Hata kitambaa ulikuwa unakikosea hivihivi," alisema.

Dada wa Kodi anasema alishika meza, akijua simu itakatwa muda wowote. Mshonaji aliweka kalamu chini.

"Lile gauni nililikata mimi," alisema.

Msimbo uliandikwa sawasawa mara ya sita. Siku tano baadaye jina lilihama, na ndugu hao sasa wanashona chumba kimoja. "Meneja aliniuliza kwa nini nafurahia kupoteza mteja," anasema. "Nikavaa vipokea sauti, nikapokea simu inayofuata."

Sasa naye anataka kuhama. Kampuni ya mtaa wa pili, wanakokwenda wengi wa wateja wake, imemwita kazini kuanzia mwezi ujao. "Miaka saba naaga watu," anasema. "Nataka kukaa upande wa kuwapokea."

Barua ya kumruhusu kuondoka, hata hivyo, bado haijatoka. Meneja, aliyekaa naye meza ya jirani miaka yote hiyo, anataka kwanza alete kitambulisho, kuthibitisha kwamba ndiye yeye.