Sifuri za Kituo cha Tisa

Ofisini walimwita Mama Takwimu, naye hakulikataa jina hilo kwa sababu kulikataa kungehitaji nguvu, na nguvu zake chache alishazipangia kazi nyingine. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, magoti yaliyolalamika kila ngazi, na mama mzazi nyumbani aliyepaswa kugeuzwa kitandani kabla yeye hajatoka na mara tu anaporudi. Kati ya kumgeuza na kumgeuza ndipo alipofanya kazi ya serikali.

Kazi yenyewe ilikuwa maji ya mto. Kando ya mto huo palikuwa na vituo kumi na vinne, kila kimoja na nguzo yenye mistari ya vipimo na mtu wa kuisoma mara tatu kwa siku, asubuhi, adhuhuri na jioni. Namba zao zote zilikaa kwenye kompyuta yake kama bonge moja lenye pande tatu: upande wa vituo, upande wa siku, upande wa saa. Hakuna binadamu anayeweza kulitazama bonge zima akabaki na akili zake, kwa hiyo Mama Takwimu alikata vipande. Aliandika mstari mmoja mfupi, kituo fulani, kuanzia siku hii mpaka ile, saa za jioni tu, na kompyuta ikamletea hicho alichotaka. Akitaka kituo kimoja kwa miaka yote, sawa. Akitaka siku moja kwa vituo vyote, sawa vilevile. Miaka kumi na tisa alikuwa akikata, na laiti vipande vile vingekuwa mkate, mji mzima ungekuwa umeshiba.

Jumatatu moja mkuu wa kitengo alimwita. Alikuwa rika la mwanawe, mtu asiyekaa kitini akamaliza sentensi.

"Mama, kuna vituo viwili vya kufunga. Naanza na cha tisa. Hebu nitazamie masika ya mwaka juzi."

Alitazama. Machi mosi mpaka Mei thelathini na moja, asubuhi, adhuhuri, jioni: sifuri. Sifuri mia mbili sabini na sita.

"Unaona? Mpimaji wake alikuwa analala nyumbani anajaza sifuri. Barua ya kumwachisha kazi iko tayari, na Jumatano anakuja. Nichapie ukurasa huo niuambatanishe."

Alirudi mezani kwake, lakini hakuchapa. Wapimaji wavivu aliwajua, na uongo wao aliutambua hata akiwa amesinzia. Mvivu haandiki sifuri. Mvivu hunakili ya jana, akaongeza sentimita mbili ili ipendeze. Tena mto ule haukauki wakati wa masika hata uuombee. Na kilichomsumbua zaidi ni kingo. Sifuri zilianza tarehe mosi kamili zikaishia mwisho wa mwezi kamili, na uvivu wa binadamu haunyooki namna hiyo. Kipande kile kilikuwa kimekatwa, na mkataji pale ofisini alikuwa mmoja tu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alikumbuka yote, mpaka shati alilovaa. Juni ya mwaka ule mama yake alilazwa, naye alilala sakafuni wodini usiku tisa. Mkuu wa wakati huo alitaka kuona ramani ya mafuriko ingekuwaje kama kituo cha tisa kisingekuwepo. Mama Takwimu akakata kipande, kituo cha tisa, masika yote, saa zote, akakijaza sifuri, akatoa ramani, akahifadhi kila kitu na kukimbilia hospitali. Alidhani ameshika nakala. Katika lugha ile ya kompyuta, kipande ulichokata hakiondoki kwenye bonge. Ni dirisha tu la kulitazamia, na ukipaka chokaa kupitia dirishani umepaka ukuta wa ndani. Ukitaka nakala, sharti useme wazi kwamba unataka nakala. Hilo alilijua, na hata wa ofisi nyingine aliwafundisha yeye. Siku ile alikuwa na usingizi.

Karatasi za asili hazikuwepo. Zilichomwa zamani kwa amri, eti kompyuta haisahau.

Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: alifikiria kunyamaza. Alifikiria Jumatatu yote na Jumanne yote. Alibakiza miaka miwili astaafu, na mama yake alitibiwa kwa kadi ya bima ya kazi hiyohiyo. Nani angejua? Kila alipomgeuza mama yake alijisemea kwamba mpimaji ni mwanamume mwenye afya, atapata kazi nyingine. Aliona aibu kujisikia akisema hivyo.

Jumatano mpimaji alifika amevaa mabuti ya mpira yenye tope bichi, kwa kuwa alikuwa amesoma ya asubuhi kwanza ndipo akaja. Begani alikuwa na mfuko mzito. Mkuu alimsogezea barua, naye akaisoma polepole, midomo ikicheza.

"Mimi niandike sifuri?" aliuliza. "Sifuri maana yake mto umekauka, bosi. Ungekauka si mngesikia hata redioni?"

"Namba ndizo zinazosema, mzee. Si mimi."

"Namba zimesemeshwa," Mama Takwimu alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, na magoti yalimuuma. "Ni mimi. Nilizifuta mimi mwaka juzi, kwa kutokujua. Huyu hana kosa."

Alieleza yote, dirisha na nakala, mpaka usiku tisa wa wodini. Mkuu alimtazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

"Mama, mbona hukunyamaza? Hakuna aliyekuwa anajua."

"Nilikuwa najua mimi, na mimi ndiye ninayelala naye."

Mkuu akaichana barua, ila hakutabasamu. "Orodha ya vituo vya kufungwa inakwenda juu Ijumaa. Kituo kisicho na namba kitafungwa tu, hata aliyekosa awe nani. Na barua nyingine lazima niandike. Unajua itakuwa ya nani."

"Najua."

Mpimaji hakumshukuru wala hakumlaumu. Aliufungua mfuko, akatoa madaftari yake mwenyewe ya vipimo, yaliyovimba kwa unyevu, aliyoyaleta yamtolee ushahidi kama angeulizwa. Akavuta kiti mpaka kwenye meza ya Mama Takwimu.

"Unachapa haraka?" aliuliza.

"Kiasi."

Walianza na Machi mosi. Mpimaji alisoma, Mama Takwimu akaandika, kila namba kwenye siku yake na saa yake, safari hii nakala ya bonge zima ikiwa pembeni. Machi ikaisha, Aprili ikaisha. Macho yalimwasha na mgongo ukakakamaa, lakini hakuomba wapumzike, kwa kuwa alihisi hana uso wa kuomba chochote.

"Mei kumi na tisa," mpimaji alisoma. "Asubuhi, tatu nukta mbili. Adhuhuri, tatu nukta nne." Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Jioni, tatu nukta saba. Hii nilichelewa nusu saa, nimeandika hapa pembeni. Ndiyo siku tuliyomzika mama watoto."

Vidole vya Mama Takwimu vilisimama. Mbele yake, kwenye jioni ya siku hiyo, bado palikuwa na sifuri aliyoiweka yeye.

"Umeiandika?" mpimaji aliuliza.

Akaandika tatu nukta saba.

"Nimeiandika, kaka."

"Haya. Mei ishirini."