Njia ya Mbita

Kabla sijafumbua macho nilisikia karatasi ikikunjuliwa taratibu, kama inakunjuliwa na mtu anayeogopa kuamsha nyumba. Ilikuwa ramani. Dada yangu alikuwa ameitandaza kwenye sakafu ya sebule yetu hapa Kisumu na kuipigia magoti.

Alikuwa na likizo ya wiki mbili kutoka Doha, anakofanya kazi katika nyumba ya watu. Siku kumi zilikwisha akisalimia jamaa.

“Tukishaona wanyama kwenye mbuga ya Ruma,” aliniambia tena, “tusirudi na ile barabara ya Homa Bay. Tushuke Mbita, tuvuke na feri, kisha tufuate ziwa mpaka Port Victoria. Nataka siku moja mahali hakuna anayenijua.”

“Mbita kwa shangazi yenu?” Mama aliuliza kutoka jikoni.

“Mbita kwenye feri, Mama.”

“Feri iko mlangoni pake.”

Mume wa shangazi alizikwa dada akiwa Doha. Kwetu, aliyekosa mazishi hapiti nje ya lango kama mtalii. Huingia, hulia, huketi, hula, na mara nyingi hulala.

“Nililia kule kule, kwenye chumba cha kufulia nguo. Hicho si kilio?”

“Nani alikuona?”

“Basi tupite tumefunga vioo vya gari.”

“Nyathina, mwanangu, nilimpigia simu jana. Ameshafunga jogoo mguu.”

Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemwambia Mama njia yetu juzi, kwa kujisifu tu. Nikasema labda turudi na ya Homa Bay, ingawa nilijua ni malori na vumbi lile lile tutakalopita tukienda.

“Tuache safari yote,” dada alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. Aliegemea kochi akafumba macho, mikono imelala mapajani, viganja juu, vimepasuka kwa dawa za kusafishia vyoo.

Mama alitoka jikoni, akasimama akavitazama viganja vile kwa muda mrefu. Kisha akaingia chumbani, akatoka amevaa gauni lake la matanga, mkoba begani.

“Natangulia leo,” aliniambia kwa sauti ya chini. “Nitamlilia shemeji kwa niaba yake. Jogoo nitamla mimi. Kesho mkifika pigeni honi, mpande feri.”

“Shangazi atakubali?”

“Atanuna. Wacha aninunie mimi.”

Magoti yake yalikuwa yamevimba tangu Jumapili. Nilisema nitampeleka.

“Wewe pumzika, kesho utaendesha siku nzima. Na usimwamshe.”

Dada alikuwa amelala, au alikuwa amechoka mno kufumbua macho. Sikujua, na sikutaka kujua. Mama alivua ndala zake ili zisipige sakafu, akazibeba mkononi mpaka nje. Nilimwona akiinama kuzivaa, ameshika ukuta, kisha mlango ukafungwa nyuma yake.