Ubani wa Fundi wa Yoba

Fundi wa mtaa wa Yoba hashiki spana kabla vidole vyake havijapita kwenye mipira yote ya gari. Asubuhi nilipompelekea pikapu yangu, inanuka petroli na taa ya injini imegoma kuzimika, aliipapasa mipira inayopitisha mvuke wa tangi, vidole vikatua nyuma ya gurudumu, akaniambia nirudi mchana. Niliporudi mchana alikuwa amewasha ubani ndani ya kopo, mbali kabisa na gari, akisukuma moshi kwa pampu ya baiskeli kupitia bomba refu hadi ndani ya mipira ile. "Pale moshi itatokea, ndiyo pale iko inavuja," aliniambia kwa ile sauti yake ya chini. Moshi ukachomoza nyuma ya gurudumu, mwembamba kama uzi. "Basi, fundi, tumeona." Hakuacha kupampu. "Ngoja kidogo, patroni. Mi nilikulia Muyinga. Mama alikuwa anafukiza hii kila Ijumaa." Akafumba macho, akapampu taratibu mpaka ubani ukaisha. Kisha akatoa mfukoni kipande cha mpira mpya, alichokuwa amekikata tangu asubuhi kwa kipimo cha ule uliopasuka.