Sailensa ya Gari la Mbung'o

Mtu asinidanganye kwamba kelele ni kitu kibaya. Kelele ilinitunzia siri yangu karibu miaka miwili, na ilipozimwa nikaumbuka jikoni kwangu mwenyewe.

Nilikuwa nimeolewa mbali na kwetu. Mimi Mkuria, mume wangu Mjaluo, na lugha iliyotukutanisha ni Kiswahili, chake cha kazini na changu cha sokoni. Tulikaa kwao, vilimani juu ya Karungu, miaka michache baada ya uhuru. Akina mama wa jirani walikuwa watu wazuri, sitawasingizia. Walinisalimu kwa Kiswahili, salamu zikiisha wakarudi kwa Kijaluo chao, wakacheka, na mimi nikacheka nao kama mjinga, sijui tunacheka nini. Jina langu hawakulishika. Waliniita Nyar Kuria, binti wa Wakuria, na kila nilipoitwa hivyo nilikumbushwa kwamba mimi ni mgeni.

Basi nililia. Si mara moja moja. Kila siku alasiri, kazi zikiisha, nilikaa chini jikoni nikalia kama mtu aliyepangiwa zamu.

Mume wangu alikuwa dereva wa watu wa kuua mbung'o, wale nzi wanaoleta malale. Walimpa kigari cha kupita porini, hakina milango, na injini yake ilikuwa ya namna ya pikipiki: oili unaimimina humo humo kwenye petroli. Moshi wa buluu, na kelele, jamani! Tititititi, mpaka kuku wanakimbilia uvunguni. Akirudi kutoka upande wa Sindo nilimsikia tangu akiwa kilima cha ng'ambo. Kutoka hapo mpaka mlangoni nilikuwa na muda wa kunawa uso, kufunga kitambaa vizuri, kuweka maji ya ugali motoni na kusimama nje nikitabasamu. Aliwaambia wenzake kwamba nyumba yake ina furaha. Masikini!

Siku moja akaniangalia sana. "Mbona macho mekundu?"

"Kichwa tu," nikasema. "Hizo kelele za gari lako zinanipasua kichwa."

Uongo ule ulinitoka haraka, nikaona nimeponea. Nilisahau nimeolewa na mtu anayeshika neno la mkewe. Jumapili, ambayo kwetu sisi Wasabato ni siku ya kazi, akalala chini ya gari akafungua sailensa, kile kipunguza kelele cha bomba la moshi. Akaitia kwenye moto wa kuni mpaka masizi ya oili yakaungua yote, akaikwangua ndani kwa waya. Akachukua bomba jembamba, akalitoboa matundu kwa msumari, akalizungushia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria alizonunua Homa Bay, akalisukuma ndani ya sailensa. Mara ya kwanza gari likakosa pumzi, halipandi hata kimwinuko cha kisimani. Akafungua tena, akaongeza matundu. Jioni mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni, na gari lilikuwa linanung'unika tu.

"Sasa kichwa kitapumzika," akaniambia, anang'aa uso mzima.

"Asante," nikasema. Sasa nisingemsikia akija.

Nilijipanga. Nilijiambia nitalia mapema, nimalize kabla ya saa kumi, saa yake ya kurudi. Hebu niambie, nani amewahi kulia kwa kufuata saa? Siku mbili niliweza. Siku ya tatu nikapitiliza. Nilikuwa sakafuni, ungo wa unga mapajani, nalia kwa sauti, namwita mama yangu kwa Kikuria, na nilipoinua uso mume wangu alikuwa mlangoni, ufunguo wa gari mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani.

Nikajifuta uso haraka.

"Kichwa?" akauliza, polepole.

Hakuwa mjinga. Gari lilikuwa kimya, na sote wawili tulilijua hilo. Alikuwa ameniachia mlango wazi wa kusema ukweli, nami kwa aibu nikaufunga.

"Kichwa," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akatoka nje. Nikamsikia akichota maji, akinawa mikono muda mrefu. Tukala. Ugali ulikuwa mbichi na akaula wote.

Kesho yake alasiri, nikiwa pale pale jikoni, nikasikia tititititi kutoka kilima cha ng'ambo. Kelele zote zilikuwa zimerudi. Alikuwa amelitoa lile bomba lake, kazi ya siku nzima, ili nimsikie akija.

Nikainuka. Nikanawa uso, nikafunga kitambaa, nikaweka maji motoni, nikasimama nje nikitabasamu. Naye alinikuta hivyo, akatabasamu pia, na hatukulizungumza jambo hilo mpaka nilipomzika.

Najua alinipenda. Alinirudishia muda wangu wa kunawa uso. Lakini haki ya Mungu, mimi nilitaka pale mlangoni aniulize mara ya pili.